Siku ya tatu ya mapumziko na kisima kirefu: je, starehe yetu inawakausha wengine?

"Daktari, habari za kazi. Mwajiri wangu ametupunguzia siku za kazi kutoka tano hadi nne bila kugusa mshahara, na mke wangu amestaafu mwaka huu. Kwa mara ya kwanza maishani tuna muda. Tumenunua kiwanja karibu na bahari, kama mita 200 kutoka ufukweni, tujenge nyumba ndogo ya mapumziko ya siku mbili tatu kila wiki. Tunafikiria bwawa la kuogelea la mita 8 kwa 4, bustani ya nyasi ya mita 25 kwa 20, na kisima kirefu kwa kuwa bomba halijafika huko. Binti yetu yuko chuoni na hataki hata kusikia habari hiyo. Anasema maji ya dunia yanaisha, kwamba watu wote wakianza kupumzika siku tatu kwa wiki dunia itakauka, na kwamba sisi tutakuwa tunaogelea kwenye maji ya kunywa ya jirani. Ameniambia bora nirudi kazini siku tano! Nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri. Je, ni kweli anayosema? Tuuache mpango? Na kama si bwawa, ni nini hasa kinachomaliza maji?"

Ndugu yangu, naona kinachokukosesha usingizi si bwawa lenyewe. Umefanya kazi miaka mingi, hatimaye umepata muda, na mtu umpendaye anakuambia kwamba muda huo unalipiwa na koo la mtu mwingine. Ni shutuma nzito, na haifai kumjibu kwamba anakuza mambo, maana sehemu ya anayosema ni kweli tupu. Tatizo ni kwamba kidole amekinyoosha pasipo. Ukimfuata bila kuchunguza utafuta bwawa, utabakiza nyasi, na utajiona umeokoa kitu.

Kwanza hilo la maji ya dunia kuisha. Hayaishi. Yanazunguka: jua linayapandisha kutoka baharini na nchi kavu, yananyesha, yanatiririka, mengine yanazama ardhini, na safari inaanza upya. Ila takribani asilimia 97.5 ya maji hayo ni ya chumvi. Katika ile 2.5 iliyobaki, zaidi ya theluthi mbili ni barafu, na karibu theluthi moja imo chini ya ardhi. Mito na maziwa yote ya maji matamu, yale tunayoyachora kwenye ramani na kuyagombania, hayafiki hata asilimia 1 ya maji matamu ya dunia. Kwa hiyo uhaba ni suala la mahali na majira. Watu wapatao bilioni 4 wanaishi sehemu ambazo maji huwa haba mno kwa angalau mwezi mmoja kila mwaka, hata kama miezi mingine mito inafurika. Wengine wana maji tele mtoni na bado hawana ya kunywa, kwa sababu hakuna aliyelipia bomba, pampu na mtambo wa kuyasafisha. Kwa hao, mimi na wewe tukiacha kuogelea leo hawapati hata tone.

Sasa tuingie penye kiini. Kuna maji unayoyatumia yakarudi, na kuna maji unayoyatumia yasirudi. Ukioga, karibu yote yanaingia kwenye bomba la maji taka. Yakisafishwa vizuri yanarudi mtoni au ardhini, na mwingine anayachota. Ukimwagilia nyasi saa saba mchana, sehemu kubwa inapaa hewani. Itanyesha tena, ndiyo, lakini pengine katikati ya bahari, mamia ya kilomita kutoka hapo. Kwa bonde la mto wenu au kisima chenu, hayo yamekwenda. Watu wengi hupima starehe kwa macho: wakiona maji mengi yanang'aa wanasema huo ndio uharibifu. Sisi tunaofanya kazi ya maji tunauliza ni kiasi gani kimepaa.

Mji wa Las Vegas, Marekani, unalionyesha hili kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Uko jangwani, unaishi kwa starehe za watu, na kabla ya janga la korona ulikuwa ukipokea wageni zaidi ya milioni 40 kwa mwaka. Ungetarajia mabafu ya mahoteli ndiyo yawe balaa. Lakini maji ya bafuni, jikoni na chooni husafishwa na kurudishwa Ziwa Mead, lililo kwenye Mto Colorado, ambako ndiko yalikochotwa, na mji unahesabiwa haki ya kuchota tena kiasi kilichorudi. Kilichowatesa ni nyasi. Ndiyo maana mwaka 2021 jimbo la Nevada lilipitisha sheria inayokataza, kuanzia mwisho wa 2026, kumwagilia kwa maji ya Mto Colorado zile nyasi za mapambo ambazo hakuna anayezikanyaga, kama za kando ya barabara na mbele ya maofisi. Hata zile chemchemi maarufu zinazorusha maji mbele ya hoteli ya Bellagio, ambazo kila mgeni huziona kuwa ufujaji uliokithiri, zinajazwa kutoka kisima cha zamani kilichokuwa kikimwagilia uwanja wa gofu mahali hapo hapo. Sisemi Las Vegas ni mfano wa kuigwa katika kila jambo. Nasema jicho linadanganya.

Turudi kwenye kiwanja chako, tupige hesabu. Mahali penye joto, jua na upepo, maji yaliyo wazi hupungua takribani milimita 5 kwa siku. Bwawa lako lina mita za mraba 32, kwa hiyo linapoteza kama lita 160 kwa siku. Nyasi zikimwagiliwa ziwe kijani mwaka mzima huchukua kiasi kisichopishana sana na hicho kwa kila mita ya mraba, na bustani yako ina mita za mraba 500. Hizo ni lita 2,500 kila siku ya kiangazi. Kiwango kinachotajwa kimataifa kwa mahitaji ya msingi ya mtu mmoja, kunywa, kupika, kuoga na kufua, ni lita 50 hadi 100 kwa siku. Bwawa lako linakula maji ya watu wawili au watatu. Bustani inakula ya watu 25 kwa makadirio ya chini, na inaweza kufika 50. Tena wewe utakuwapo siku mbili tatu kwa wiki. Nyasi zipo siku zote saba.

Bwawa nalo lina njia rahisi ya kulipunguza: lifunikwe wakati hamwogelei. Kifuniko hupunguza maji ya kuongezea kwa asilimia 30 hadi 50, na kwa nyumba ambayo inakaa bila mtu siku nyingi za wiki, kama yenu, faida inaweza kuwa kubwa zaidi. Angalia pia uvujaji, kwa sababu bwawa lililopasuka kidogo linaweza kupoteza maji mengi kuliko jua linavyochukua. Weka ndoo iliyojaa maji kwenye ngazi ya bwawa, maji ya ndani na ya nje yawe usawa mmoja, halafu rudi baada ya siku moja. Kama bwawa limeshuka zaidi ya ndoo, kuna ufa.

Lakini kuna jambo jingine katika barua yako lililonishtua zaidi ya nyasi, na binti yako hakulitaja: kisima kirefu mita 200 kutoka baharini. Chini ya ardhi ya pwani, na hasa ya visiwa vidogo, maji matamu ya mvua huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya kwenye mwamba, mithili ya mafuta juu ya mchuzi, kwa sababu ni mepesi kidogo. Zaidi ya miaka 100 iliyopita Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, kila mmoja kivyake, walionyesha uwiano wa tabaka hizo mbili: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takribani mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Inafurahisha mpaka uisome kinyumenyume. Ukivuta maji mpaka uso wake ukashuka kwa nusu mita tu na kubaki hapo, mpaka wa chumvi hatimaye unapanda kama mita 20. Mwamba halisi haufuati hesabu hiyo kwa usahihi, lakini mwelekeo ni huo huo. Na pampu yenye nguvu ikivuta maji mengi kwa saa chache, chumvi hupanda moja kwa moja chini ya kisima hata kama kijiji kizima hakijamaliza akiba yake.

Ndiyo maana kina kirefu hakikuokoi pwani. Wachimbaji wengi hudhani ukikosa maji mazuri unaongeza mita. Karibu na bahari, kuongeza mita mara nyingi ni kuikaribia chumvi. Na kisima kikishaingiwa na chumvi hakirudi kwa mvua moja. Tabaka la maji chini ya ardhi linaweza kuchukua miaka kujisafisha, na majirani wenye visima vifupi vya mkono ndio huonja kwanza. Hapa ndipo binti yako yuko sahihi kabisa, ingawa kwa sababu tofauti na aliyoitoa: maji mtakayoyavuta kumwagilia nyasi yanatoka kwenye tabaka lile lile analochota jirani.

Je, basi ni kweli kwamba mapumziko ya watu yanaikausha dunia? Kwa hesabu ya dunia nzima, hapana. Takribani asilimia 70 ya maji yanayochotwa mitoni, maziwani na ardhini huenda kwenye kilimo. Viwanda na mitambo ya umeme vinachukua sehemu kubwa ya yanayobaki, na majumbani ni kama sehemu moja ya kumi. Maji yanayotumiwa moja kwa moja na utalii, yaani vyumba vya hoteli, mabwawa na bustani zake, yamekadiriwa kuwa chini ya asilimia 1 ya matumizi ya dunia. Hata idadi ya wasafiri wanaovuka mipaka ilivyopanda kutoka milioni 25 mwaka 1950 hadi karibu bilioni 1.5 mwaka 2019, jambo hilo halijabadilika. Aliye likizoni hakuongeza mdomo wa pili. Anakunywa na kuoga kule alikokwenda badala ya nyumbani.

Hata hivyo wastani wa dunia haumsaidii mwenye bomba kavu, na starehe ina tabia mbaya moja: hukusanyika mahali pamoja kwa wakati mmoja, na mara nyingi wakati huo ni kiangazi. Watu hawaendi ufukweni kutafuta mvua. Pwani za Mediterania hupokea wageni wengi kupita kiasi katika miezi ambayo mito yake imepungua kabisa. Mgeni wa hoteli naye, kwa tafiti zilizofanywa sehemu mbalimbali, hutumia kuanzia chini ya lita 100 hadi lita 2,000 kwa siku kutegemea hoteli, na tofauti hiyo kubwa inatokana zaidi na bustani, mabwawa na viwanja vya gofu kuliko urefu wa kuoga. Februari 2024 serikali ya Catalonia, Hispania, ilitangaza dharura ya ukame ikaweka kikomo cha lita 200 kwa mtu kwa siku, na mabwawa ya kuogelea yakawa ugomvi wa kila siku kati ya mahoteli na wakazi. Cape Town ilifika pabaya zaidi mwaka 2018: lita 50 kwa mtu, na marufuku ya kujaza mabwawa kwa maji ya manispaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kuhusu mji huo ulikadiria kwamba asilimia 14 ya wakazi, wale wenye uwezo, walitumia zaidi ya nusu ya maji yote ya majumbani, sehemu kubwa kwa bustani na mabwawa. Masharti yalipobana, wengi wa hao walichimba visima vyao binafsi. Mgao ukawa wa watu wa bomba, na maji ya chini ya ardhi yakabaki hayana mlinzi. Huo ndio ukurasa wa kumpa mtu anayetaka kuchimba kisima cha starehe.

Chakula nacho kisisahauliwe, maana watu wakipata muda hula tofauti. Kilo moja ya nyama ya ng'ombe hukadiriwa kuhitaji lita 15,400 za maji ukihesabu malisho yote. Takwimu hii hurushwa sana bila kusema kwamba sehemu yake kubwa mno ni mvua iliyonyesha malishoni, ambayo isingekuwa kwenye bomba la mtu yeyote. Nyama ya ng'ombe aliyelishwa majani yaliyomwagiliwa kutoka mto unaokauka ni habari nyingine kabisa. Mtu akikutajia lita, muulize zilitoka wapi.

Kuhusu hofu ya siku tatu za mapumziko kwa wote: mwaka 1930 mwanauchumi John Maynard Keynes alibashiri kwamba baada ya miaka 100 watu wangefanya kazi saa 15 kwa wiki. Hatujafika, na hakuna dalili kwamba 2030 itatukuta huko, ingawa Iceland ilijaribu kwa mafanikio kupunguza wiki ya kazi hadi saa 35 au 36 kati ya 2015 na 2019. Muda ukiongezeka, wengi wetu huutumia kwa mambo ya kawaida mno: kulala, kutazama runinga na simu, kutembeleana. Simu inatumia umeme, na baadhi ya vituo vya kuhifadhia data hupozwa kwa kuvukiza maji, jambo ambalo ni la kuangaliwa pale vinapojengwa sehemu kavu. Lakini alasiri ya kusoma kibarazani haidai mto wowote. Kurudi kwako kazini siku ya tano hakutaokoa maji. Huenda hata kukaongeza, kama ofisi yenu inapozwa kwa mitambo inayovukiza maji.

Mimi ninaliona jambo hili kinyume na binti yako. Kihistoria maji ndiyo yaliyozaa mapumziko. Bomba likiingia nyumbani, saa za kuteka na kubeba maji zinarudi kwa mwenyewe, na mwenyewe huyo kwa kawaida ni mwanamke au msichana. Mwaka 2016 UNICEF ilieleza kwamba wanawake na wasichana duniani hutumia saa milioni 200 kila siku kuteka maji. Watu bilioni 1.8 bado hawana maji nyumbani kwao, na katika kaya 7 kati ya 10 za namna hiyo anayekwenda kuteka ni mwanamke. Ukitaka kujua nani hana siku ya mapumziko duniani, tazama nani amebeba ndoo. Kwa hiyo swali la haki kwa kiwanja chako ni hili: kisima chenu kitaongeza au kitapunguza safari za wanaochota jirani?

Sasa, ningekuwa wewe ningefanya nini? Nyumba ningejenga. Nyasi ningezifuta, labda nibakize kipande cha meta chache cha kukalia, na pengine pote nipande miti na vichaka vya asili ya pwani hiyo, vinavyohimili chumvi na kiangazi bila msaada baada ya msimu wa kwanza au wa pili. Bwawa ningelipunguza au nisijenge, kwa kuwa bahari iko mita 200. Lakini mkilitaka kwa ajili ya afya ya mke wako au kwa wajukuu, lenye kifuniko na kivuli si dhambi.

Maji ya paani ndiyo yangekuwa chanzo changu cha kwanza. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, hesabu isiyohitaji mhandisi. Paa la mita za mraba 100 mahali panaponyesha milimita 1,000 kwa mwaka hukupa kama lita 80,000 ukishatoa kinachopotea. Gharama iko kwenye tangi, kwa sababu lazima livushe miezi mikavu. Kuna watakaokushauri mtambo mdogo wa kuondoa chumvi. Unafanya kazi, lakini kwa maji ya bahari mitambo mikubwa iliyo bora hutumia takribani uniti 3 hadi 4 za umeme kwa kila lita 1,000, midogo hutumia zaidi, na maji makali ya chumvi yanayobaki lazima yaende mahali. Kuyamwaga kwenye shimo nyuma ya nyumba ni kuirudisha chumvi kisimani kwa mkono wako. Tena mtambo ukiharibika unabaki mikono mitupu: Desemba 2014 moto kwenye mtambo wa Malé, mji mkuu wa Maldives, uliwaacha watu wapatao 100,000 bila maji ya kunywa, yakaletwa kwa ndege na meli.

Kisima kibaki kuwa akiba ya kuoga na kufua, chenye pampu ndogo inayovuta polepole kwa saa nyingi badala ya kubwa inayovuta kwa kishindo. Na shimo la maji taka liwe mbali nacho, upande ambao maji ya chini yanaelekea baada ya kupita kisimani. Mita 30 ndizo hutajwa mara nyingi, lakini kwenye mwamba wa matumbawe wenye nyufa hazitoshi.

Haya yote nimeyasema bila kuuona udongo wenu, kwa hiyo kabla ya kumlipa mchimbaji mwite mtaalamu wa maji chini ya ardhi afike kiwanjani. Apime kina cha maji na kiwango cha chumvi kwenye visima vya jirani, afanye jaribio la kuvuta maji, na akuandikie kiasi salama cha kuvuta kwa siku. Ulizia pia kibali cha kuchimba kwenye mamlaka ya maji ya eneo hilo. Nchi nyingi hukitaka. Kama kisima kipo tayari na maji yameanza kuwa na ladha ya chumvi, sabuni inakataa kutoa povu, au uso wa maji unashuka mwaka hadi mwaka, zima pampu na uite mtu wiki hiyo hiyo. Mtu akiharisha baada ya kuyanywa, msiyanywe tena mpaka yapimwe vijidudu maabara, na mgonjwa apelekwe kituo cha afya.

Vipimo vya kisima vifanyike mwishoni mwa kiangazi, wakati maji yamepungua kabisa; vya baada ya masika vitakupendeza bure. Mchimbaji akikuambia hakuna haja ya kupima kwa kuwa pwani maji yapo tu, tafuta mwingine.